Mpaka Kwenye Kisiki

Januari nilianza kwa kishindo.
Nilinunua raba nyeupe sokoni Mbale,
nikaapa kuyamaliza Maandiko kabla ya mavuno ya kahawa,
nikapanda njia ya Wanale alfajiri kama askari mpya.
Siku ya nne goti likavimba kama fenesi changa,
na zile sura za majina, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani,
zikanilaza miwani ikiwa usoni.
Raba nikampa Mutonyi aende nazo shule.

Februari sikufanya kitu.
Machi sikufanya kitu, tena nikajisema vibaya.

Ni birika lililonifundisha.
Miaka ishirini na sita nimepika uji wa shule
nikiyatazama maji tu, kana kwamba yangetoroka.
Asubuhi moja sigiri inasuasua, mkaa umenyeshewa,
nikakifungua Kitabu pale kilipofunguka chenyewe,
kifungu kimoja.
Birika likaimba, nikafunga.
Kikiwa kirefu, chai inangoja.
Kikiwa kifupi, nakirudia
mpaka mvuke uanze kukitikisa kifuniko.

Na miguu? Miguu nikaipa kisiki,
kile cha mvule uliokatwa mwaka wa harusi ya Nambozo,
hatua mia na kumi kutoka mlangoni pangu.
Kwenda, kukigusa kwa kiganja, kurudi.
Basi.

Lakini kwetu hakuna anayetembea bure.
Khaukha, fundi baiskeli, akainua kichwa kutoka kwenye mnyororo:
"Mama Mutonyi, umepoteza nini kule?"
Kesho yake: "Umekipata?"
Keshokutwa nikabeba dumu tupu,
watu wakaona mwenye shughuli zake, wakanyamaza.

Nyuma ya mlango wa jiko nachora mistari ya chaki,
ikifika mitano naifunga fungu,
kama tulivyohesabu magunia ya mahindi.
Kuna pengo la siku tisa: malaria.
Kuna pengo la wiki tatu: tulimzika dada yangu Wanyenze,
na Kitabu kilikaa kabatini, sikutaka hata kukiona.
Zamani ningeifuta yote, nianze upya kwa hasira.
Sasa naliacha pengo lilivyo.
Hata maji ya Wanale hukauka kiangazi,
hakuna aendaye kuulaumu mwamba;
mvua ikirudi, utepe mweupe unashuka palepale.

Siku moja, sijui ya ngapi,
nilikuwa nakitafuna kifungu cha asubuhi,
maneno sita tu,
nikikirudia mguu wa kulia, mguu wa kushoto,
nilipoinua macho nipo darajani.
Kisiki nilikwisha kukipita.
Sikumwambia mtu.
Wakati wa kurudi nilikigusa, nisikidhulumu.

Kisha mkono wa miwani ukavunjika.
Khaukha akauunga kwa kipande cha spoki,
akakataa pesa.
Akajifuta grisi vidoleni muda mrefu,
akauliza, macho chini, kama aulizaye bei ya jeneza:
"Daktari ameniambia nina presha. Mtu huanzaje?"
Nikamjibu: "Una birika?"

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito.
Nilimkuta amenitangulia,
amebeba gurudumu begani,
anakwenda taratibu kuelekea kisikini,
midomo ikichezacheza.
Tulipopishana nililibonyeza tairi kwa kidole:
gumu, limejaa upepo, halina hata pancha moja.
Sikumuuliza limeharibika nini.
Naye hakulitazama dumu langu.